Jiwe la Ivuna

Nikiwa kijana mwalimu hapa Manyovu, niliwaonyesha wanafunzi kipande cha mkaa, nikasema: hii ni kaboni, na kila chenye uhai kinayo. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na huko angani ipo?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, tuendelee na somo.

Kumbe jibu lilikwisha kuanguka nchini mwetu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Ziliokotwa gramu 705 tu, lakini wataalamu walikuta ndani yake kaboni nyingi, na mwaka 2001 wakatangaza kuwamo kwa asidi za amino, jamii ya vitu vinavyojenga protini. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina la Ivuna. Na chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta vipande vya sayari ndogo Ryugu mwaka 2020, vilionekana kufanana na jiwe hilo letu.

Mwanafunzi yule sijui aliko. Aliuliza swali la mtaalamu, nami nikamnyamazisha. Ndugu mwalimu usomaye haya, usiyemjua jibu mwambie, "Tutafute."