Jana Usiku Mmekula Nini? Historia ya Ugali Wetu wa Jioni

SEHEMU YA 1

Leo sijaleta chanjo wala homa. Nimeleta historia, vipande sita, usome taratibu huku sufuria ikichemka.

Kazini kuna swali nauliza kila siku: "Jana usiku mmekula nini?" Akija mtoto viganja vimepauka, au mjamzito ambaye damu imeshuka, lazima niulize. Na majibu ya kina mama wa Mbagala, Yombo, Tandale au Bunju yanafanana sana. "Ugali tu, dada nesi. Na matembele." Mwingine, "Wali maharage." Mwingine anaangalia kwanza kama kuna mtu anasikia, ndipo ananong'ona: "Dona na dagaa." Anaona aibu kweli, kana kwamba nimemshika na kosa.

Sitamcheka mtu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshakosea hapo hapo. Mwanangu wa kwanza nilimlea kwa uji wa sembe, mweupe, laini, umechujwa. Nilijiona mama msafi. Alipofika miezi 11 nikampima mwenyewe: damu 8. Mimi nesi, nimesomea, nimevaa sare, mtoto wangu damu 8! Nililia chooni ili wenzangu wasinione.

Nilivyomwambia mama yangu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kosa langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuogopa dona." Alikuwa na maana gani? Kumwelewa ilibidi nirudi nyuma sana. Twende wote.

SEHEMU YA 2: SAHANI ILIYOVUKA BAHARI

Tunasema ugali ni chakula cha asili, wa tangu mababu. Jamani, mahindi hayakuwepo huku! Mahindi ni mmea wa Amerika. Wareno, walioanza kufika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama, ndio waliofungua njia ya mimea ya kule kuja huku. Na si mahindi peke yake. Muhogo umetoka Amerika. Maharage, nyanya, pilipili, karanga na viazi vitamu, vyote Amerika. Matembele ni majani ya viazi vitamu, kwa hiyo nayo yanatoka huko huko. Yaani ile sahani ya ugali, maharage na matembele, miaka 600 iliyopita hapa Pwani hakuna aliyeijua.

Sasa walikula nini? Bara kulikuwa na mtama, uwele na ulezi. Kunde ni za Afrika, na bamia tulikuwa nazo. Mchele na nazi vilikuja na bahari ya Hindi, vikakaa mpaka vikawa vya kwetu. Kuna msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alipita pwani hii mwaka 1331 mpaka Kilwa. Pale Mogadishu aliandikishia watu alichokula: wali wenye samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Alipofika Mombasa akasema watu wa pale chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ona hapo, miaka karibu 700 iliyopita tayari kuna mlo wa kushibisha na kitoweo cha kusindikizia. Mpango wa sahani ni wa zamani, ila vilivyomo ndani vimekuwa vikibadilika.

Bibi yangu mzaa mama alitoka Kisarawe. Kwake jioni ilikuwa muhogo, au ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Mahindi yakipatikana anatwanga kinuni, anapepeta, anasaga. Kukoboa alikuwa anakoboa, tusidanganyane, unga mweupe watu waliupenda tangu zamani. Lakini kwa mchi na mikono miwili, pumba na kiini haviishi vyote. Kinu kilikuwa kinamwachia mtoto chochote.

SEHEMU YA 3: JIJI LAPATA SEMBE

Dar ikakua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakavu, wepesi, wasiooza, wakawa na njia ya kuja pwani. Fikiria mtu anaishi Temeke, bahari iko pale, na bado anakula dagaa wa Kigoma. Sababu ni ndogo tu: mkavu anakaa kabatini mpaka mwisho wa mwezi, samaki mbichi anataka hela ya leo na moto wa leo.

Watu wa mjini hawana shamba wala muda wa kutwanga. Wanahitaji unga uliokwisha kusagwa. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa shirika la kusaga nafaka la taifa, NMC. Wazazi wenu wanaijua vizuri hiyo herufi tatu. Sembe ikawa ya shirika, na serikali ikaiwekea ruzuku ili mfanyakazi wa mjini aimudu.

Mashine kubwa haifanyi kazi kama mchi wa bibi. Inavua ganda lote na kutoa kile kiini kidogo cha kwenye ncha ya punje. Faida ipo, nisiwe mchoyo wa kusema: unga usio na kiini hauchachi haraka kwa sababu mafuta yametoka, na dukani unakaa muda mrefu. Lakini madini chuma, zinki na vitamini za kundi B nyingi zinakaa kule kule kwenye ganda na kiini. Zinaenda kwenye pumba. Pumba inaenda kwa kuku na ng'ombe. Sisi tunabaki na wanga.

Hapo ndipo sembe ikawa alama ya mtu wa mjini: nyeupe, rahisi, ya dukani. Dona likabaki la shule za bweni, jeshi na jela. Aliyepita bweni anajua, ukimtajia dona anakumbuka foleni ya sahani na maharage yenye wadudu. Aibu ya yule mama wa kliniki ilianzia huko.

SEHEMU YA 4: YANGA

Sasa tumfikie mama yangu. Alikuwa na miaka 12 wakati wa njaa ya 1974. Mvua zilikataa kuanzia 1973, wakati huo huo watu wanahamishiwa vijijini, mavuno yakaanguka. Serikali ikatangaza "Kilimo cha Kufa na Kupona", hata watu wa maofisini wakatakiwa kulima. Nchi ikaagiza nafaka nje, na ndani ya meli yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani.

Watu wa Dar hawakosi jina. Rangi ya njano? Wakayaita yanga, kama timu. Ugali wa yanga. Mama anasema harufu yake hakuipenda, na shuleni watoto walichekana: "Nyie kwenu mnakula yanga!" Wakati kwa kila mmoja wao ndicho kilichopo.

Miaka ya themanini mwanzoni ikawa hivyo tena. Vita vya Kagera vimeisha 1979, hazina tupu, mafuta ghali. Mama sasa binti mkubwa, ndiye anayetumwa foleni. Anasimulia jinsi mtu alivyoweka jiwe kwenye mstari ili limshikie nafasi, akirudi akute jiwe limesogezwa na mtu hajulikani. Sabuni foleni, sukari foleni, sembe foleni. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, bidhaa zilizofichwa zikaanza kutupwa usiku. Siku sembe nyeupe imepatikana nyumbani, bibi alikuwa anaficha mfuko uvunguni.

Ukimuuliza mama leo kwa nini hataki kuona unga wenye rangi, iwe yanga au dona, hatakwambia habari ya ladha. Atakwambia, "Niliapa watoto wangu watakula cheupe." Alichokikwepa kwa kweli ni ule unyonge wa kusimama juani na mfuko mtupu. Kwake sembe ilimaanisha shida imeisha, na mimi nikaichukua hiyo imani, nikampelekea mwanangu kwenye kikombe cha uji.

Kitu kinachoniuma, kama nesi: mahindi ya njano yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na kinga ya mtoto. Mahindi meupe karibu hayana. Yale yaliyochekwa shuleni yalikuwa na kitu ambacho cheupe hakina. Hakuna aliyewaambia.

SEHEMU YA 5: TANDALE INAAMKA

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa. Bei ikaruka. Biashara ikaanza kufunguliwa, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu 1985, wa "ruksa", watu binafsi wakazidi kushika soko la nafaka. Tandale likawa soko kubwa la nafaka la mjini, malori ya mahindi yanashusha pale. Mashine za kusaga zikazagaa mitaani. Sasa unaweza kununua mahindi yako, ukayasimamia, ukasema "nisagie bila kukoboa". Dona linakupa unga mwingi zaidi kwa mahindi yale yale, na hulipii kukoboa. Kwa wengi dona lilirudi kwa ajili ya mfuko, siyo kwa ajili ya afya.

Kitoweo nacho kikajipanga kwa mfuko. Mchicha na matembele ya mabondeni, bonde la Msimbazi na vijito vyake, fungu kwa fungu. Dagaa wa Mwanza wakaongezeka kuliko wa Kigoma kwa bei nafuu. Maharage yanapendwa, ila yanakula mkaa, kwa hiyo jioni ya katikati ya wiki mtu anahesabu mkaa kabla ya kuhesabu maharage. Tusiwalaumu kina mama kwamba hawajui kupika. Wanapiga hesabu kila siku saa kumi na moja jioni, wakitoka kazini, daladala imejaa, hela ni ile ile.

SEHEMU YA 6: TURUDI JIKONI KWAKO

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta watoto 58 kati ya kila 100 wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Wanawake wa umri wa kuzaa, 45 kati ya 100. Malaria imo, minyoo imo, lakini sahani ya jioni imo pia.

Mwaka 2011 zikatungwa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta, na 2013 mpango ukazinduliwa. Unga wa viwanda vikubwa unatakiwa kuongezwa madini chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki, ile inayosaidia kumkinga mtoto tumboni asizaliwe na mgongo wazi. Lakini mashine nyingi za mtaani hazina kifaa cha kuchanganyia. Kwa hiyo ukinunua sembe, soma mfuko kama umeandikwa umeongezwa virutubishi. Ukisaga mtaani, saga dona.

Dona nalo lina masharti. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu. Sumu hiyo inatokana na ukungu, haifi kwa kupikwa, na ganda hubeba nyingi. Mahindi yaliyoliwa na wadudu, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, usisage. Bora sembe kuliko dona bovu. Saga kidogo kidogo, dona linachacha.

Mengine ni madogo. Kamulia ndimu kwenye mboga, au wape chungwa baada ya kula, chuma kitaingia vizuri mwilini. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, inazuia. Dagaa waoshe vizuri, wale wazima, na kwa mtoto mdogo wasage uchanganye kwenye mboga au uji. Matembele usiyachemshe mpaka yakawa meusi ukamwaga maji. Na mjamzito, vidonge vya kuongeza damu vya kliniki meza, sahani haitoshi peke yake.

Mwanangu alipona. Dawa ya maji ya chuma miezi mitatu, uji wa dona uliochanganywa karanga, dagaa wa kusaga. Sasa ana miaka saba, anakimbia kama mwizi. Mama yangu alikuja kututembelea mwezi uliopita, nikasonga dona, matembele ya nazi, dagaa wa nyanya. Akaangalia sahani kwa muda. Nilijua anaona nini pale. Halafu akanawa, akamega tonge, akasema, "Hili la sasa mnalisaga vizuri kuliko lile la bwenini." Akaomba aongezwe mboga.

Kwa hiyo mama, ukija dirishani kwangu nikakuuliza jana usiku mmekula nini, usininong'oneze. Sema kwa sauti, na usiseme "tu".

Nanyi niambieni hapo chini: kwenu jana usiku mlikula nini? Na bibi yako alikuwa anapika nini jioni, kabla hamjahamia Dar? Nitasoma yote nikitoka zamu. Usiku mwema.