Mbegu ya Sara

Mwaka 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasaland walifungua misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Tangu hapo kisa cha Sara, aliyezaa uzeeni, kimesomwa makanisani kote ufukweni mwa Ziwa Victoria hadi Mbita na Rusinga. Wachache wanajua kwamba ndani yake mna pia elimu ya tiba ya Wayunani.

Tazama Waebrania 11:11. Katika Biblia ya Kiswahili Sara anapewa uwezo wa kupata mimba. Kiyunani kinakwenda mbali zaidi: anapewa nguvu ya kuweka mbegu, kazi ambayo kwa kawaida ilisemwa ni ya mwanamume. Wafasiri wamehangaika nayo, na baadhi wameamua kwamba aliyepokea nguvu hiyo ni mumewe, Abrahamu.

Lakini wataalamu wa kale hawakuwa na kauli moja. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mke huchangia damu ya hedhi tu, nayo mbegu ya mume huigandisha kama utomvu wa mtini unavyogandisha maziwa. (Ayubu naye, katika 10:10, anamwambia Mungu kuwa alimgandisha kama jibini.) Waganga wa mkondo wa Hippocrates walipinga: mke ana mbegu yake, nayo ikichanganyika na ya mume, yenye nguvu ndiyo huamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Katika karne ya 2 Galen, mganga aliyepasua wanyama wengi, alishikilia vilevile kwamba mwanamke ana mbegu. Alizaliwa Pergamo, mji wa mojawapo ya makanisa saba ya Ufunuo.

Basi hakuna sababu ya kumwondoa Sara katika mstari wake mwenyewe. Msomaji wa enzi hizo angeweza kuelewa kabisa kwamba mama naye hutoa mbegu. Hata hivyo, waraka huohuo, sura ya 7, unamweka Lawi, kitukuu cha Abrahamu, viunoni mwa babu huyo kabla hajazaliwa, wala mama yake hatajwi.

Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mamalia kwa hadubini, na ubishi huo ukaanza kuisha.

Leo Mbita ina kampasi ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mtafiti wa tezi za uzazi za nzige dume. Mwaka 2020 watafiti wa icipe walieleza kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, kinachozuia vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu. Mbu jike huwarithisha watoto wake kijidudu hicho, na hivyo hata hapo mama ana mchango wake.