Rubani Mantell alikuwa anafukuza nini?

Vijana wenzetu, tarehe 7 Januari 1948 watu wa Kentucky, Marekani, waliona kitu cheupe cha duara juu sana angani. Rubani Thomas Mantell akaombwa akiangalie. Hakuwa na oksijeni, lakini alizidi tu kupanda. Ndege ikaanguka, akafa. Miaka 25, rika letu kabisa.

Wachunguzi wa jeshi la anga wakasema alifukuza sayari ya Zuhura. Mchana kweupe! Sisi tuliozoea kuhojiwa na kuandikiwa majibu tusiyoyasema, hapo tulicheka kidogo. Watu walisema ni kikubwa, karatasi ikasema Zuhura.

Baadaye ndipo likatajwa puto kubwa la utafiti, Skyhook, la jeshi la majini. Mwaka ule lilikuwa siri, hata wachunguzi wenyewe hawakuambiwa.