Usaili na Ushuhuda wa Kazi: Historia ya Uteuzi wa Wanaosomea Ubingwa wa Tiba, kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili

Utangulizi

Kwa muda mrefu mgonjwa wa Bagamoyo aliyehitaji daktari bingwa amelazimika kusafiri takribani kilometa 70 kwenda Dar es Salaam. Uhusiano huo wa kitabibu kati ya miji hii miwili una mizizi ya zamani. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851 na kutajirika kwa kuandaa misafara ya kwenda bara, ndiye aliyetoa fedha za hospitali iliyojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1890 kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo, mahali ambapo madaktari bingwa wengi wa Tanzania wamefunzwa.

Insha hii inachunguza ni kwa ushahidi gani daktari huhesabiwa kuwa anastahili mafunzo ya ubingwa, na usaili wa ana kwa ana unapaswa kupewa uzito gani katika uamuzi huo. Wanaoutetea usaili husema kwamba cheti huonyesha akili ya mtu, lakini hakionyeshi busara, utu wala ustahimilivu wake. Hoja ya insha hii ni kwamba sifa hizo ni za lazima kweli, ila historia ya Tanzania na ushahidi kutoka kwingineko vinaonyesha kuwa hujidhihirisha zaidi katika kazi kuliko katika mazungumzo ya nusu saa.

Neno la mdhamini

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza nchini Tanganyika ilianza kufunza wasaidizi wa tiba walioitwa dresa. Vijana hao walipendekezwa na tawala za wenyeji, wakafunzwa katika hospitali za wilaya, kisha wakarudishwa kuhudumu katika zahanati za kwao. Uteuzi ulitegemea neno la mtawala kuliko mtihani. Utaratibu huo ulikuwa na faida moja iliyo dhahiri, kwamba aliyependekezwa alijulikana na watu waliokuja kutibiwa naye. Kasoro yake nayo ilikuwa dhahiri, kwa kuwa neno la mtawala lingeweza kubeba undugu na upendeleo, na hapakuwa na njia ya kulipima.

Kwa upande wa udaktari kamili, Watanganyika wachache waliofaulu walikwenda Makerere, Uganda, na wengine ng'ambo. Mwalimu Julius Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12 tu waliokuwa wananchi wake. Palipokuwa na upungufu wa namna hiyo, suala la kuchagua nani awe bingwa miongoni mwa wengi halikuweza kuzuka.

Azimio la Musoma na ushuhuda wa kazini

Skuli ya tiba ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Katika miaka ya 1970 Muhimbili ilianza kutoa shahada ya uzamili ya tiba, na kwa mara ya kwanza mabingwa wakaanza kufunzwa nchini.

Ni katika muongo huohuo ambapo Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilibadili masharti ya kuingia chuo kikuu. Ufaulu wa kidato cha sita haukutosha tena. Kijana alitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi kwa miaka isiyopungua 2, kisha kupata mapendekezo ya mwajiri wake, wafanyakazi wenzake na tawi la chama. Azimio lilihusu shahada ya kwanza, wala halikuihusu tiba peke yake. Hata hivyo, ndilo jaribio kubwa zaidi katika historia ya Tanzania la kupima tabia ya mwombaji kwa ushuhuda wa waliofanya kazi naye.

Matokeo yake yana mafunzo mawili. Kwanza, sharti hilo lilipunguza idadi ya waombaji, hasa wanawake, na muda si mrefu wasichana wakaruhusiwa kuingia chuoni moja kwa moja. Pili, ushuhuda ulichanganywa na utiifu wa kisiasa. Tawi la chama lingeweza kueleza msimamo wa kijana, lakini halikuwa na njia ya kueleza angemhudumiaje mgonjwa. Wazo la kuuliza waliomwona mtu kazini lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuwauliza pia wasioijua kazi yenyewe.

Ushahidi kutoka Marekani na Kanada

Nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1952 madaktari wapya hupangiwa hospitali za mafunzo kwa mfumo wa pamoja wa kitaifa, wakuu wa programu wameupa usaili uzito mkubwa wanapowapanga waombaji kwa daraja. Tukio la Houston, Texas, linautilia shaka uzito huo. Mwaka 1979 skuli ya tiba ya huko ilitakiwa kuongeza wanafunzi 50 baada ya uteuzi kukamilika, ikalazimika kuwachukua waliokuwa wameachwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya madaraja kati ya makundi hayo mawili ilitokana na maoni ya wasaili. Hata hivyo, maendeleo yao masomoni na katika mwaka wa kwanza wa mafunzo ya hospitali hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Tukio hilo lina mipaka yake. Walioachwa nao walikuwa wamechujwa hadi kufikia hatua ya usaili, na uteuzi wenyewe ulihusu wanafunzi wapya, si mabingwa watarajiwa. Aidha, usaili si wa namna moja. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilibuni utaratibu ambapo mwombaji hupita vituo kadhaa vifupi, kila kituo kikiwa na msaili wake na swali lake. Alama zake zimeonekana kuaminika zaidi kuliko za jopo moja linalozungumza na kila mwombaji kwa namna tofauti.

Funzo la Bagamoyo

Bagamoyo yenyewe inatoa kipimo cha kulinganishia. Katika tawi la Taasisi ya Afya Ifakara mjini humo, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wachanga waliopangwa katika makundi kwa bahati nasibu. Hapakuwa na mtafiti aliyeruhusiwa kuipitisha chanjo kwa sababu tu aliiamini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya ushahidi. Taaluma inayodai uthibitisho wa namna hiyo kwa dawa haina sababu ya kuridhika na hisia za jopo inapowachagua watakaoitoa dawa hiyo.

Daktari aliyemaliza utarajali na kuhudumu katika hospitali ya wilaya ameacha nyuma yake ushahidi mwingi: majalada ya wagonjwa, zamu za usiku, na wauguzi wanaojua kama huitika anapoitwa. Ushuhuda huo nao una hatari yake. Mtumishi wa umma huhitaji ruhusa ya mwajiri ili aende masomoni, na hospitali yenye madaktari wachache ina sababu ya kutomwachia aliye bora. Kwa hiyo haufai kuachwa mikononi mwa mtu mmoja.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha njia tatu za kuipima tabia ya mtabibu: neno la mtawala, pendekezo la mahali pa kazi na chama, na usaili. Ya kwanza na ya pili ziliharibiwa na upendeleo na siasa, na ya tatu inaweza kuharibiwa na ufasaha wa kuzungumza, ambao mara nyingi ni tunda la malezi na shule. Usaili una nafasi yake pale maswali yanapokuwa ya aina moja kwa wote na wasaili wanapokuwa wengi, lakini ukiwa nyongeza kwa ufaulu na kwa ushuhuda wa kazi uliotolewa na zaidi ya mtu mmoja. Kinyume chake, nafasi ya ubingwa inaweza kwenda kwa msemaji hodari, na mgonjwa anayesafiri kutoka Bagamoyo ndiye atakayeibeba gharama ya kosa hilo.