Miezi Kumi na Miwili Chini ya Paa Moja

Kwa miaka mingi nchini Kenya, mama hakuulizwa lolote ili atambuliwe kisheria kuwa mzazi. Kuzaa kulitosha. Baba alikuwa na maswali yake: Je, alioa? Aliishi na mama wa mtoto? Kwa muda gani? Majibu ndiyo yaliyoamua kama karo na unga vitatoka mifuko miwili au mmoja.

Zamani shauri hilo lilikuwa la koo. Katika jamii nyingi, mwanamume aliyempa msichana mimba bila kumwoa alitozwa mifugo, na mifugo hiyo ikaenda kwa babake msichana. Fidia ilitibu heshima ya ukoo; mtoto akalelewa na watu wa mamake. Utaratibu huo ulifaa mahali penye shamba la ukoo na nyanya wa jirani. Mjini, mama alipobaki na mtoto katika chumba cha kupanga, mbuzi waliofungwa kwa babu hawakulipa kodi ya nyumba.

Waislamu wa Pwani walikuwa na njia yao. Mke aliyepewa talaka rejea hukaa eda (muda wa kusubiri) katika nyumba ya mumewe, akipewa masurufu, na Sura ya Talaq inaagiza mama alipwe akimnyonyesha mtoto baada ya kuachwa. Wawili walioachana walikaa nyumba moja kwa muda unaojulikana, na haki ya kila mmoja ikijulikana. Lakini ulinzi huo ulianzia kwenye ndoa.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipitisha Affiliation Act. Sasa mwanamke asiyeolewa aliweza kumfikisha baba wa mtoto mahakamani na kudai pesa za matunzo. Sheria hiyo ilikuwa na mizizi Uingereza, ambako mama wa aina hiyo alikuwa akishtaki tangu karne ya 19. Wanawake wa Kenya waliitumia, na hapo ndipo ghadhabu ilipoanza. Wabunge walilalamika kwamba wasichana wamegeuza mimba kuwa biashara, kwamba sheria inachochea uasherati, tena ni ya kigeni. Viongozi wa shirika la Maendeleo ya Wanawake walipinga kufutwa kwake. Mwezi Juni 1969 Bunge likaifuta hata hivyo. Ndani ya ukumbi ule hapakuwa na mbunge mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango wa Kisumu, wa kwanza, alichaguliwa Desemba mwaka huohuo.

Yaliyofuata ni miaka 32 ambayo mama asiyeolewa alilea peke yake mbele ya sheria. Watoto waliozaliwa mwaka wa kufutwa walikua, wakaoa na kuolewa, wakazaa, kabla Bunge halijarudi kwenye suala hilo.

Liliporudi, lilirudi nusunusu. Sheria ya Watoto ya 2001 iligawa jukumu sawa kwa wazazi waliooana. Kwa wasiooana, jukumu liliwekwa kwanza kwa mama. Baba aliweza kulipata kwa amri ya mahakama au makubaliano na mama, kwa kumkiri au kumtunza mtoto, au kwa kuishi na mama, baada ya mtoto kuzaliwa, kwa vipindi vinavyofika miezi 12. Ukiyatazama masharti haya kwa jicho la mwanamume mkwepaji, mwanya wa kukwepa unaonekana wazi: asimkiri mtoto, asitoe hata shilingi, ahame mapema. Aliyejitokeza kusaidia ndiye aliyefungwa na sheria, aliyetoroka ikamwacha.

Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyouziba mwanya huo. Ibara ya 53 inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikafuata msimamo huohuo, na hesabu ya miezi chini ya paa ikaondoka.

Sasa mabishano yamehamia kwenye neno “sawa”. Katika mahakama za watoto, ikiwemo ile ya Tononoka mjini Mombasa, hakimu hutazama uwezo wa kila mzazi: huyu alipe karo na bima ya matibabu, yule atoe chakula na malazi. Ugumu huongezeka wazazi walioachana wakiwa bado wanaishi nyumba moja kwa kukosa kodi ya nyumba ya pili. Kodi ina risiti, karo ina risiti. Kumwogesha mtoto, kumpikia na kukesha naye akiwa na homa hakuna risiti, na mara nyingi anayefanya hayo ni yuleyule ambaye sheria ya 2001 ilimwekea mzigo kwanza.