Mafaili Yamekwenda Wapi? Historia Fupi ya Dirisha la Kompyuta



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu wa Mbarara na Nakivale, leo tunaweka kando kidogo masuala ya malezi na fiqhi, tuzungumzie kitu ambacho kimeingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi. Tutaanza na kisa.

Ni miaka kadhaa sasa, mama mmoja mjane alitoka Nakivale asubuhi na mapema akaja hapa Kamukuzi kutoa nakala za vyeti vya watoto wake. Alikuwa na flashi ndogo aliyoifunga kwenye ncha ya mtandio wake. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya shule vilivyoskaniwa kabla karatasi zenyewe hazijaloa mvua, barua za ofisi, na picha tatu za marehemu mumewe ambazo hazipo mahali pengine popote duniani. Kijana wa kafe akaichomeka, akatazama, akasema: "Mama, humu hamna kitu, ni shotikati tupu. Niifomati?"

Mmoja wetu alikuwa amekaa kompyuta ya pili. Akasema, "Ngoja mdogo wangu, usiguse." Akasogea. Yeye alijifunzia Windows XP, na alijua kwamba virusi vya flashi vina mtindo wa kuficha makabrasha ya kweli na kuweka shotikati za uongo mahali pake. Katika XP dawa yake ni kwenda juu kwenye "Tools", kisha "Folder Options", halafu kuiambia kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Lakini kompyuta hiyo ilikuwa ya Windows 7, na neno "Tools" halikuwepo! Robo saa nzima tulitafuta, mama amesimama nyuma yetu mkono kifuani, midomo inacheza kwa dua. Hatimaye mtu mmoja akabonyeza kitufe cha "Alt" na menyu ile ya zamani ikajitokeza. Kumbe haikuondolewa, ilifichwa tu. Tukaondoa na alama ile inayoficha mafaili ya mfumo, na makabrasha yakaonekana yote, yamefifia rangi kidogo. Alhamdulillahi, picha zilikuwemo.

Tangu siku ile tunajiuliza: kwa nini watengenezaji wanahamisha milango ya nyumba ambayo watu wamo ndani?

Tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya DOS, iliyotoka mwaka 1981, haikuwa na dirisha wala picha. Uliona skrini nyeusi, ukaandika "dir", ikakupa orodha ya majina. Toleo lake la kwanza halikuwa hata na makabrasha ndani ya makabrasha. Hayo yalikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, yakiiga mfumo wa Unix wa miaka ya 1970. Jina la faili lilikuwa herufi nane, nukta, na tatu za mwisho. Mtu anayeitwa Abdurrahman hakuweza hata kuandika jina lake lote! Mwaka 1986 John Socha alitoa Norton Commander, skrini ya buluu yenye safu mbili, kushoto unapotoa na kulia unapopeleka. Ulikuwa mpangilio wa akili sana, na hadi leo wapo wanaoupenda.

Wakati huo wengine walikuwa na fikra tofauti. Xerox, mwaka 1981, walitoa kompyuta ya Star iliyoonyesha picha za karatasi, makabrasha na droo za ofisi. Apple wakafuata na Macintosh mwaka 1984, na dirisha lake la Finder. Fikra yao ilikuwa kwamba karani aliyezoea kabati la mafaili asihitaji kukariri amri. Utaona basi kwamba dirisha hili lilichorwa kwa kufuata ofisi ya Marekani. Kabati la chuma lenye droo nne si kitu cha kila nyumba kwetu. Bibi zetu walihifadhi hati ndani ya sanduku, chini ya nguo, na walijua kwa kupapasa tu ipi iko wapi.

Windows ya kwanza, mwaka 1985, ilikuwa bado orodha ya majina tu. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ikaleta File Manager, yenye mti wa makabrasha. Kisha tarehe 24 Agosti 1995 ikatoka Windows 95, na hapo ndipo dirisha tunalolijua lilipozaliwa. Ilikuja na Windows Explorer, "My Computer", pipa la taka la kurejesha vilivyofutwa, na majina marefu hadi herufi 255. Abdurrahman akapata jina lake.

Lakini Windows 95 ilileta na jambo ambalo sisi tunaliona ni kosa mpaka leo. Ilianza kuficha zile herufi za mwisho wa jina, zinazosema faili ni la aina gani, eti zinamchanganya mtumiaji. Mwezi Mei mwaka 2000 dunia nzima ililipia uamuzi huo. Barua pepe zilitembea zikiwa na faili lenye jina la barua ya mapenzi, linaloishia TXT kwa macho ya msomaji. Mwisho wake wa kweli, uliofichwa, ulikuwa VBS, yaani programu. Watu wakafungua kwa mamilioni. Virusi vya flashi vilivyotusumbua sisi vilitumia mwanya huohuo: programu yenye sura ya kabrasha. Ukibofya ukidhani unafungua picha za harusi, umeshamkaribisha mwizi. Ilipofika mwaka 2011 ndipo Microsoft ilipotuma marekebisho ya kuzuia flashi isijiendeshe yenyewe katika XP na Vista.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, na kwetu ndiyo iliyotawala. Wengi wetu tulishika kipanya kwa mara ya kwanza mbele ya XP, katika kafe za mjini zilizokuwa zikizimika kila umeme ulipokatwa, na mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, umeme wa Uganda ulikatwa sana. XP iliweka upande wa kushoto safu ya buluu yenye maneno ya kazi: fanya kabrasha jipya, nakili faili hili, futa. Mtu asiyejua alisoma na kuchagua. Picha zilionekana kwa udogo wake bila kufunguliwa. Wajuzi waliidharau safu ile kuwa ya kitoto, lakini tuliwaona wazee wetu wakiitumia bila kumwita mtu, na kwetu hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na baada ya hapo bado tuliikuta kwenye meza nyingi.

Vista ikaja kwa umma Januari 2007 na ikahamisha karibu kila kitu. Menyu ya juu ikafichwa. Kitufe cha kupanda kabrasha moja juu kikaondolewa. "My Documents" ikawa "Documents" tu. Safu ya buluu ikatoweka. Badala yake njia nzima iliandikwa juu, na ungeweza kubofya sehemu yoyote ya njia hiyo, jambo ambalo kwa kweli ni zuri ukishalizoea. Kitufe cha kupanda juu kilirudi Windows 8 mwaka 2012, kimya kimya, kama mtu aliyetoka nyumbani kwa hasira akarudi usiku.

Windows 7 ya mwaka 2009 ilileta kitu walichokiita maktaba, na hapa tuombe ruhusa tuingie kidogo kwenye elimu yetu. Wanachuoni wa hadithi walikabili tatizo hilihili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: maelfu ya mapokezi, uyapange vipi ili mtu ayapate? Imam Ahmad bin Hanbal katika Musnad yake alipanga kwa majina ya Masahaba waliopokea. Imam Bukhari alipanga kwa milango ya mada, na hadithi moja yenye mafunzo mengi akaileta tena na tena katika milango tofauti. Halafu Ibn al-Nadim wa Baghdad, mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, akaandika kitabu cha kuorodhesha vitabu vyenyewe, akakiita Al-Fihrist. Neno hilohilo ndilo letu la Kiswahili, fahirisi.

Maktaba ya Windows 7 ilijaribu njia ya Bukhari kwa namna yake: mafaili ya makabrasha mbalimbali yaonekane pamoja chini ya mada moja, picha na picha, sauti na sauti. Ila kuna tofauti iliyowaponza watu. Hadithi iliyorudiwa kitabuni imeandikwa kweli mara mbili. Faili linaloonekana ndani ya maktaba ya Windows ni moja tu, na ukilifuta hapo umelifuta kule lilikotoka. Shotikati nayo ni kinyume: ukiifuta, faili linabaki salama. Sura mbili zinazofanana, hukumu mbili tofauti! Na likifutwa kwenye flashi, kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka, linakwenda moja kwa moja.

Je, Kiswahili kilikuwa wapi katika haya yote? Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na katika miaka hiyohiyo Microsoft nao walitayarisha Kiswahili cha Windows XP. Zikazuka hoja: tuseme folda, kabrasha au jalada? Sisi tunapenda kabrasha. Lakini tuseme kweli, katika kafe za hapa hatukumbuki kuona hata moja iliyowekewa Kiswahili. Mkongo, Msomali na Mnyankole walijifunza wote maneno ya Kiingereza kwa mahali yalipokaa kwenye skrini, si kwa maana yake. Ndiyo maana mahali pakihamishwa, mtu kama huyo amepotea kabisa, wakati anayesoma Kiingereza vizuri anatafuta tu kidogo. Kwa mtazamo wetu hili ndilo jibu la swali letu la mwanzo, au angalau nusu yake: wanaohamisha milango wanadhani kila mtu anasoma kibao cha mlangoni.

Waliotumia Linux hawakusalimika. GNOME mwaka 2004 waliamua kila kabrasha lifunguke dirisha lake, watu wakalalamika madirisha yanajaa skrini, na uamuzi huo ukaachwa mwaka 2010. Windows 8 iliongeza utepe mpana wa vitufe juu, Windows 11 ya mwaka 2021 ikauondoa.

Siku hizi vijana wengi hawana kompyuta, wana simu, na humo kabrasha limekaribia kutoonekana. iPhone ilitoka mwaka 2007 na hadi Septemba 2017 haikuwa na programu yake ya kutazama mafaili. Kwenye Android, WhatsApp ilihamishia picha zake ndani zaidi ya makabrasha ya mfumo mwaka 2021, na tulipokea maswali mengi ya "picha zangu za zamani ziko wapi?"

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqarah 282, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kwa familia ya mkimbizi, hati ni amana nzito zaidi ya hapo: ndiyo shule ya mtoto, ndiyo jina la baba. Nakivale imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wengi waliofika hapo wanajua thamani ya karatasi iliyoachwa nyuma.

Basi kwa wenye flashi inayoonekana tupu: usikubali ifomatiwe. Kwenye XP nenda "Tools". Kwenye Vista na Windows 7 bonyeza "Alt" kwanza. Kwenye Windows 8 na 10 fungua "View" utie alama kwenye "Hidden items". Kwenye Windows 11 ni "View", kisha "Show". Zisipoonekana bado, ingia kwenye "Options" za dirisha hilohilo uondoe alama ya kuficha mafaili ya mfumo.

Yule mama alichapisha picha zile tatu siku ileile, nakala mbili kila moja, akazitia ndani ya mfuko wa nailoni, akauliza taksi ya mwisho ya kurudi Nakivale inaondoka saa ngapi.

Wabillahi tawfiq.