Usalama wa Nafsi Kazini: Istilahi, Kasumba na Kujitambua

Istilahi ya Kiingereza psychological safety, ambayo kwa miaka ya karibuni imezoeleka katika semina za waajiri na katika sera za rasilimali watu, mara nyingi hutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa “usalama wa kisaikolojia”, na tafsiri hiyo, ingawa haina kosa la sarufi, humwacha msomaji mbali na maana iliyokusudiwa. Dhana yenyewe si ngumu kueleza: ni hali ya kikundi cha kazi ambamo mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa, kupinga uamuzi au kusema kwamba hajaelewa, bila kuogopa kwamba atafedheheshwa, atawekewa kinyongo au atakatiwa riziki kwa ajili ya neno alilolisema. Hoja ya makala hii ni kwamba jina linaloifaa kwa Kiswahili ni “usalama wa nafsi”, na kwamba katika Afrika Mashariki jina hilo halikamiliki mpaka lifuatane na mengine mawili, yaani kujitambua kwa mwenye madaraka na kuondoa kasumba ya kikoloni katika desturi za kazi.

Chimbuko la istilahi hii liko Marekani. Edgar Schein na Warren Bennis waliigusia mwaka 1965 walipoandika kuhusu namna watu wanavyokubali kubadilika, na mwaka 1990 William Kahn, aliyewachunguza wafanyakazi wa kambi ya vijana na wa kampuni ya wasanifu majengo, akaieleza kuwa ni uwezo wa mtu kujitoa kikamilifu katika kazi yake bila kuhofia kwamba sura yake, hadhi yake au ajira yake itadhurika. Aliyeipa umaarufu ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1999 alichapisha utafiti wake juu ya vikundi 51 vya kazi katika kampuni moja ya utengenezaji wa bidhaa, akasisitiza kwamba hali hii ni imani ya kikundi kizima, wala si tabia ya mtu mmojammoja. Kabla ya hapo, katika utafiti wa hospitali uliochapishwa mwaka 1996, alikuwa amekutana na jambo asilolitarajia: vikundi vya wauguzi vilivyoongozwa vizuri ndivyo vilivyoonekana kuwa na makosa mengi zaidi ya utoaji dawa. Maelezo yake yalikuwa kwamba vikundi hivyo huenda havikukosea zaidi ya vingine, bali viliyataja makosa yao, ilhali kwingine kosa lilifichwa na anayelijua akanyamaza. Uzito wa dhana uko hapo hasa, kwa kuwa ukimya kazini hauna sauti ya kumshtua kiongozi, na kiongozi asiyesikia malalamiko huwa mwepesi wa kuamini kwamba hayapo.

Kwa nini basi “usalama wa kisaikolojia” hautoshi? Neno usalama, kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam au Mombasa, huleta kwanza picha ya mlinzi getini, ya askari wa barabarani, ya kofia ngumu na buti vinavyotakiwa na wakaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi. Ni jambo linalotoka nje kuja kumkinga mtu dhidi ya mashine, moto au mwizi. Neno kisaikolojia nalo, katika matumizi ya kila siku, limefungamana na madhara, kwa maana mtu husemwa “ameathirika kisaikolojia” baada ya ajali au msiba, na ni nadra kulisikia pasipokuwa na maradhi. Maneno hayo mawili yakiungana, anayeyasikia hudhani kwamba mwajiri anazungumzia ushauri nasaha kwa wagonjwa, na hapo ndipo dhana inapopotea, kwa sababu inayopaswa kutibiwa ni namna kikundi kinavyoishi, wala si mtu mmoja aliyeumia.

Wapo wanaopendelea “amani ya moyo”. Ni maneno matamu yenye mizizi katika sala na salamu za Waswahili, lakini amani ya moyo ni ya mtu na Mola wake, tena mtu anaweza kuwa nayo akiwa kifungoni. Vilevile humfanya msikilizaji afikirie utulivu, wakati ambapo kikundi chenye usalama huu huweza kuwa na mabishano makali, kwa kuwa watu wake hawaogopani. “Uhuru wa kusema” nao umekwishachukuliwa na siasa na katiba. Kinachobaki, na kinachofaa zaidi kwa maoni ya makala hii, ni nafsi. Nafsi katika Kiswahili ni mtu mwenyewe kwa ukamilifu wake: ndiyo inayosutwa, ndiyo inayodhulumiwa, na ndiyo inayotajwa pale sarufi inaposema nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Isitoshe, nafsi na nafasi ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi unaobeba pia maana ya pumzi, na mwenye kusema Kiswahili hahitaji kamusi ili ahisi ujamaa huo, kwani kumpa mtu nafasi ya kusema ni kumruhusu apumue. Usalama wa nafsi, basi, ni kuwapo kwa nafasi hiyo bila malipo ya baadaye.

Dhana ya pili, kujitambua, haina shida ya tafsiri. Shida yake ni kwamba imeelekezwa kwa wasiostahili. Mtaani, “hajitambui” ni tusi analotupiwa kijana asiye na mwelekeo au mtu anayejipandisha hadhi isiyo yake, na kazini husemwa juu ya mdogo aliyethubutu kumkosoa mkubwa. Katika taaluma ya uongozi mwelekeo ni wa kinyume: anayetakiwa kujitambua kwanza ni mwenye kiti kikubwa, ayajue mambo yanayompandisha hasira, aijue sauti yake inavyosikika masikioni mwa tarishi na dereva, na atambue kwamba swali lake la mwisho wa kikao, “kuna mwenye neno?”, huulizwa huku tayari amefunga daftari na kushika simu. Wajumbe hutazama meza. Ukimya huo huandikwa katika kumbukumbu za kikao kuwa ni makubaliano, na baada ya dakika kumi maneno yote yaliyokosa nafasi mle ndani husikika koridoni, kwenye ngazi na mezani kwa mama ntilie.

Ukimya wa namna hiyo una historia, na hapa ndipo maandishi ya kitaaluma ya Marekani yanapomwacha msomaji wa Afrika Mashariki njiani, kwa kuwa huizungumzia hofu ya mfanyakazi kana kwamba ilizaliwa ofisini. Neno mnyapara linatosha kuonyesha. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na pwani, mnyampara wa Kinyamwezi alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu aliyetembea nao na kula nao, aliyetegemea heshima yao ili msafara ufike. Ukoloni ulipolipokea neno hilo ulilibadilisha maana: mnyapara akawa msimamizi wa mashamba ya mkonge na ya walowezi, anayewajibika kwa bwana shamba na kuwahesabia wenzake saa na makosa, na leo neno hilohilo hutumika gerezani kumtaja mfungwa anayewasimamia wafungwa wengine. Kiongozi wa wenzake alikuwa amegeuzwa kuwa jicho la bwana. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa kikamilifu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole vyao na maelezo ya waajiri wao, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kasha la bati. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia saini alihesabiwa mhalifu. Na mtu mzima mwenye wake na wajukuu aliitwa boi, neno ambalo bado linasikika katika “shamba boi”, hata midomoni mwa watu ambao wasingethubutu kumwita mzee huyo hivyo kama wangelitafakari.

Kwa masalia ya namna hiyo Kiswahili kina neno lake, nalo ni kasumba. Asili yake ni afyuni, na tangu enzi za harakati za uhuru limetumika kwa maana ya fikra za mtawala zilizomlevya mtawaliwa hata akaziona kuwa zake. Tafsiri kama “uondoaji ukoloni” husomeka kana kwamba jambo linahusu bendera na mipaka, ilhali “kuondoa kasumba” humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye tabia. Frantz Fanon, tabibu wa akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria tangu mwaka 1953 hadi alipojiuzulu mwaka 1956, alishikilia kwamba haiwezekani kuiponya nafsi ya mtu huku ukiurudisha mwili wake katika utaratibu uleule uliomvunja, na hoja hiyo inawahusu vilevile waajiri wanaogharamia semina ya siku moja ya afya ya akili na kuuacha unyapara ukiendelea siku zinazofuata.

Inafaa kukumbuka kwamba eneo hili limewahi kuiandika dhana hii kwa lugha yake kabla haijaletwa kutoka Harvard. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, katika ibara yake ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, ukataka usawa ujengwe kati ya anayeongoza na anayeongozwa. Wafanyakazi wa viwanda waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko ilivyotarajiwa, na katika migomo iliyofuata hadi mwaka 1973, ambayo Issa Shivji aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara peke yake, bali ya matusi na dharau za mameneja. Watu waliacha mashine zao kwa sababu ya namna walivyosemeshwa. Ushahidi ulio wazi kuliko huo, kwamba heshima ya nafsi si anasa ya wenye ofisi za vioo, ni mgumu kupatikana.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba usalama wa namna hii unavunja adabu, kwa kuwa mila zinataka mdogo amwamkie mkubwa na amsikilize. Pingamizi hilo huchanganya heshima na hofu. Muuguzi wa zamu ya usiku anayemwambia daktari, “Shikamoo daktari, naomba tukiangalie tena kipimo hiki cha dawa, naona kama sifuri imezidi,” hajavunja heshima yoyote. Ameitumia heshima kuubeba ukweli hadi unakotakiwa kufika, na kinachopimwa hapo ni jibu la daktari. Tena mila zenyewe zilitenga nafasi ya kusema. Katika utani wa makabila ya Tanzania, kama ule wa Wahehe na Wangoni waliopigana vita katika karne ya 19, mtani anaweza kuyataja mapungufu ya mwenzake mbele ya watu, hata msibani, na anayetajwa haruhusiwi kukasirika. Ulikuwa mkataba wa usalama, na nguvu yake ilitokana na kwamba ulikwenda pande zote mbili. Lakini tahadhari inahitajika: ofisini, “ni utani tu” imekuwa ngao ya anayemdhihaki mwanamke kwa umbo lake, mwenye ulemavu kwa mwendo wake au mgeni kwa lafudhi yake, na walengwa hao hawawezi kurudisha neno bila kuambiwa kwamba hawana uvumilivu. Utani wa upande mmoja si utani wa mila.

Walengwa hao wanaleta suala la ujumuishi, na kulihusu maneno machache yanatosha, kwa kuwa elimu jumuishi imekwishaizoesha jamii istilahi hiyo, na sheria nazo zimesema: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza ubaguzi kazini. Sheria, hata hivyo, humwingiza mtu mlangoni tu, na kinachoamua kama atasikika akiwa ndani mara nyingi ni lugha. Kikao ambacho wajumbe wake wote wanazungumza Kiswahili huendeshwa kwa Kiingereza, na fundi mwenye uzoefu wa miaka 20, anayejua kwa nini mtambo unazimika, hukaa kimya kwa kuchelea kuchekwa Kiingereza chake. Mbaya zaidi ni barua ya kujieleza. Mfanyakazi anayetuhumiwa hupewa karatasi ya Kiingereza cha kisheria na siku chache za kujibu, akaitembeza kwa jirani na kwa mtoto wa sekondari ili atafsiriwe kosa lake mwenyewe. Nchini Tanzania mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Waajiri hawana tena kisingizio cha kisheria cha kumshtaki mtu kwa lugha asiyoimudu.

Maafisa utumishi na wafasiri wanaoandaa sera mpya wanaombwa, basi, waandike “usalama wa nafsi”, waueleze kwa maneno ambayo dereva na mhudumu wa usafi watayaelewa kwa kusomewa mara moja, na kabla ya kuibandika sera hiyo ukutani waanze kwa kuiandika upya barua ya kujieleza kwa Kiswahili.